Sisimizi Kwenye Siagi ya Uso

Enzi zetu pale Muyinga, mtoto hakutoka nyumbani uso ukiwa mkavu. Uso mkavu uliwaambia majirani kwamba kwenu hakuna mtu wa kukuangalia, na bibi yangu, Bibi Mwajuma, hakuwa mtu wa kusemwa namna hiyo. Kila asubuhi kabla ya shule, wajukuu wa kila umri tulipanga mstari mbele ya kigoda chake, na sare zetu za buluu na kaki. Alichota mafuta kwa kidole, akayayeyusha kati ya viganja, akatupaka kuanzia kipaji cha uso hadi nyuma ya masikio. Mkono wake haukuwa laini. Alisugua kama anayeng'arisha sufuria, na ukijikunja alikubana kwa magoti. Lakini mkono huo huo ndio uliogundua nani ana homa na nani amelala akilia.

Mafuta yenyewe yalikuwa siagi ya ng'ombe iliyosukwa kibuyuni na wanawake wa milimani, ile ambayo kwa Kirundi tunaita amavuta y'inka. Kiangazi kilipopamba moto vumbi jekundu liliganda juu yake, na tukishacheza kombolela saa ya mapumziko tulirudi darasani na nyuso za rangi ya tofali bichi. Tulinuka siagi, karafuu na jasho. Mwalimu alifungua madirisha. Vijana wa leo, ambao hawanywi chai kabla ya kujipiga picha chungu nzima, wangezimia wakituona. Ila ngozi zetu, nasema bila aibu, zilikuwa ngozi.

Haya yote yamenirudia kwa sababu ya binti yangu, Zaina. Siku hizi naishi Gitega, mtaa wa Musinzira, na nauza vitenge sokoni. Mwaka jana Zaina alinunua krimu ya kung'arisha uso. Kopo lilichorwa jani la kijani na kuandikwa kwa Kifaransa kwamba kila kitu ndani ni cha asili. Ikamchoma mashavu. Muuguzi alimwachisha krimu ile, akampa dawa, na ngozi ikarudi taratibu, ingawa ilibaki kavu. Baadaye alimwambia atafute mafuta yasiyo na mambo mengi, ayajaribu kwanza mkononi.

Lakini kitu kingine hakikurudi. Tangu hapo Zaina hakuruhusu mtu kumgusa uso, hata mimi niliyemzaa. Nikinyoosha mkono, kichwa kinakwenda nyuma chenyewe. Na harusi yake imekaribia, kule Muyinga kwa wajomba zake, na katika ukoo wetu bibi harusi hupakwa mafuta usoni na mama yake mbele ya wanawake wote. Nilimfikiria akiruka siku hiyo, macho yote yakimtazama, na moyo ukaniuma.

Siku moja akaniletea makopo mawili ya mafuta nimchagulie. La kwanza lilitoka dukani. Nilivaa miwani nikasoma. Kwenye orodha ya vilivyomo, maji ndiyo ya mbele, kisha majina marefu ya kumchosha mtu ulimi, kisha manukato. Karite, ile kokwa ya mafuta iliyochorwa vizuri juu ya kifuniko, ilikuja mkiani kabisa, nyuma ya manukato. Nikaliweka pembeni. La pili lilikuwa siagi ya kienyeji kutoka Makebuko. Nililifungua tu, Muyinga yote ikanijia puani. Rangi ya manjano, nzito, ikiguswa inayeyuka. Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba hii ndiyo yenyewe. Ndipo nikakumbuka sisimizi.

Bibi hakuiamini siagi mpya hata ikitoka kwa rafiki yake wa siku zote. Alipaka kidogo kwenye kipande cha jani la mgomba, akakiweka chini ya ukuta wa jiko wanapopita sisimizi, akaendelea na maharage yake. "Sisimizi wakiikimbilia," alituambia, "mjue bado iko na maziwa ndani." Maziwa yanayobaki huchacha, na yakichacha usoni yanaleta vipele. Hapo siagi ilirudi kwenye beseni. Aliipiga kwa mwiko ndani ya maji baridi, akamwaga maji meupe, akatia mengine, akapiga tena, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Kisha aliiyeyusha juu ya makaa, akaichuja kwa kanga, akatia karafuu. Na bado hatukupakwa. Alijipaka mwenyewe kwanza, akaenda nayo sokoni siku kadhaa. "Kama ni kuharibu uso, iharibu wangu," alisema. "Wangu ulishaolewa."

Basi nikakata jani la mgomba nyuma ya nyumba. Jioni tulikuta sisimizi wamejipanga mstari kwenye siagi ya Makebuko. Zaina alinitazama.

"Mama, si we ulisema vitu vya zamani viko vizuri kushinda vya dukani?"

"Hii iko nzuri," nilimjibu. "Kwa ugali."

Alicheka, mimi nikajilazimisha kucheka. Kwa kweli nilikuwa nimetamani siagi ile ishinde. Miaka yote nimemhubiria kwamba vyetu vilikuwa bora kwa kuwa vya asili, na kumbe hata enzi zile siagi ilikuja ikiwa na maziwa yake. Uzuri wake ulitoka kwenye mikono ya Bibi.

Jumapili tuliiosha pamoja, mabega yakatuuma. Tuliichuja, tukaweka jani jipya, na safari hii sisimizi walipita wakaenda zao. Zaina alijaribu mkononi kama alivyoambiwa. Mimi nikajipaka usoni nikaenda sokoni. Wateja waliniuliza nimekaanga nini. Nilikaa nikimeremeta katikati ya vitenge vyangu, na kila jioni Zaina alinisogeza dirishani, akanichunguza mashavu.

Sisi enzi zetu hatukujua kuuogopa mkono unaotupaka. Watoto wetu wana makopo mengi kuliko tuliyowahi kuota, na kila moja wanalifungua kwa wasiwasi, kwa sababu aliyelitengeneza hawajamwona uso. Nawacheka, kisha nawahurumia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikifunga mzigo wa sokoni. Zaina alikuja na kopo letu, akakaa mbele yangu, akajisogeza mpaka magoti yangu yakambana kama yale ya Bibi yalivyotubana sisi.

"Nipake we," akasema.

Nilichota, nikayeyusha kati ya viganja. Nilipoinua mikono, alikuwa ameshafumba macho.