Ganzi Iliyokataa Kushika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka mbio kwa daktari wa meno hapa Garissa nikiwa na kiatu kimoja tu mguuni. Gego langu la chini lilikuwa limeoza. Nilidungwa sindano ya ganzi, nikaambiwa sitasikia kitu. Koleo lilipolishika jino, wallahi, niliona nyota mchana, nikaruka kitini na jino langu likabaki mdomoni.

"Ni woga tu," daktari akasema.

Kaka zangu kule mtaani kwetu Waberi wakalidaka neno hilo. Nikaitwa Fuley, yaani mwoga, hata na watoto wa jirani.

Nikawa natafunia upande mmoja, na harusi ya dada yangu inakaribia. Hebu fikiria, nyama ya ngamia ipo na mimi nanywa uji! Ndipo Halimo, mdogo wake mama, ambaye sisi humwita habaryar, akanishika mkono akanirudisha kwa nguvu.

Tulimkuta daktari mwingine, mama wa makamo. Kabla hata sijafungua mdomo akaniuliza, "Siku ile ulisikia nini?"

Nikamweleza kwamba mdomo ulikufa ganzi vizuri, lakini jino lenyewe lilikuwa hai.

"Nakuamini," akasema. "Tupige picha."

Picha ilipotoka aliiweka kwenye taa akatuonyesha. Ndani ya mfupa wa taya la chini hupita njia nyembamba ya mshipa wa fahamu. Kwa watu wengi ni njia moja. Yangu ilikuwa imegawanyika mbili.

"Ganzi ilifika huku," akasema akigusa picha, "huku haikufika. Huu si ugonjwa. Ndivyo ulivyoumbwa, na wako wengine kama wewe."

Habaryar akainama, akaitazama ile picha kwa muda. "Daktari," akasema polepole, "hata mimi niliwahi kukimbia kiti kama hiki, na jino bovu bado ninalo. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nipige picha na mimi."

Mimi nikadungwa tena, safari hii juu zaidi. Daktari akangoja, akaligonga jino, nikatikisa kichwa: sisikii kitu. Likatoka huku namwangalia usoni. Alhamdulillahi!

Kisha picha ya habaryar ikaja. Njia moja, imenyooka kabisa.

"Ala!" akapiga kelele. "Kumbe mimi nilikuwa mwoga kweli!"

Tulicheka hadi tukashikana mabega, mate yananitiririka kwenye mdomo uliokufa ganzi.

"Woga nao unauma, mama," daktari akamwambia. "Njoo wiki ijayo, twende polepole."

Akaenda, na jino lake likatoka. Harusini tulikaa sahani moja, na kaka zangu hawakupata mfupa wenye nyama.

Mwanangu, ukiumwa, sema, na usione haya kurudia kusema. Na siku mtu akikuambia anaumwa, mwamini kwanza, kisha mtafute sababu pamoja. Ikiwa ni mfupa, ikiwa ni hofu, mtendee kwa upole uleule. Mungu akupe afya ya mwili, akuzungushie watu wenye subira, na kicheko kisikauke nyumbani kwako. Amin.