Koti Lililobaki Mlangoni

Baridi ya kwetu Njombe hugandisha salamu mdomoni, ikayeyuka saa sita mchana. Kaka yangu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyetokwa jasho shambani alfajiri. Akipiga mluzi, niliwaambia wenzangu wa masomo ya jioni, mbuzi wa Ludewa waligeuza shingo. Walicheka sana. Sikuwaambia kwamba ulifika msimu mluzi ule ukaanza kuwajibu watu ambao sisi wengine hatukuwaona.

Aliziba madirisha kwa matope. Akawa halali usiku. Tukampeleka hospitali, akakaa huko, akarudi mpole, amenenepa kidogo, na vidonge kwenye mfuko wa nailoni. Vilimsaidia. Zile sauti, alisema, zilibaki kama redio ya jirani: unaisikia, lakini si yako.

Sasa, kwetu tunalimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Mnajipanga mstari mmoja, kila mtu na ngwe yake, na mwenye shamba anapika na kutoa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ngwe ya kaka ilikuwa katikati, kati yangu na jirani yetu mmoja mtani sana. Zamu ya kwanza baada ya kaka kurudi, mama alisimama mlangoni akatuambia, "Huyu katoka hospitali juzi tu. Mwacheni apumzike."

Ilikuwa huruma, nani angebisha? Tukasogeleana. Pengo likafungika.

Kaka akakaa kwenye benchi mlangoni, amevaa koti la marehemu baba, koti ambalo lingetosha kwaya nzima ya kanisa. Kutoka shambani nilimwona. Majembe yetu yakipanda, mikono yake ilipanda kutoka magotini. Yakishuka, ilishuka. Zamu baada ya zamu.

"Mama," aliuliza siku moja tukila, "ngwe yangu mmempa nani?"

"Hakuna aliyepewa, mwanangu. Wewe pumzika."

"Basi vidonge hivi navimeza niwe mzima wa kufanya nini?"

Akaviacha. Sauti zikarudi, na zenyewe, alisema, angalau zilikuwa zinamwita kazini.

Asubuhi moja ya ukungu mzito jirani yetu alipita na jembe begani. "Kamwene!" akasalimu kuelekea mlangoni. Mama, akiwa jikoni, alifurahi kusikia mwanawe anasalimiwa. Jirani akasimama kungoja jibu. Kwenye benchi palikuwa na koti tu, limekaa wima, kola juu, limelowa umande. Kaka hakuwemo.

Tulimtafuta mpaka Ikonda. Mvua zikaja, zikapita. Mimi nikahamia Makambako, mchana nauza misumari dukani, jioni nasoma. Ndipo siku moja, katikati ya ngurumo za malori, nikasikia mluzi. Nywele zilinisimama mpaka kofia ikainuka. Niliufuata nikiogopa kuufikia.

Kaka alikuwa amekaa kwenye viazi, shazia mkononi, ile sindano nene ya magunia, anashona midomo ya lumbesa, magunia yaliyofurika, marefu kama minara.

"Wewe ndiye mdogo wake?" nyapara wa wapakiaji akaniuliza. "Mbona umechelewa hivyo, dogo?"

"Kaka anaumwa, ujue."

"Najua. Alipofika hapa alikuwa anashona hewa kwa vidole. Nikampa gunia. Akizidiwa, viazi vinamwagika njiani na matajiri wananikimbia, kwa hiyo kliniki nampeleka mwenyewe. Dawa anameza hapa, mbele yangu, kwa chai."

Nilimpigia mama simu. Akaja na basi la kwanza, koti limekunjwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vaa, twende nyumbani ukapumzike."

Kaka alilitazama koti bila kuligusa. "Mama, humo ndani kuna mtu. Usinivishe."

"Mama yangu, ukimchukua huyu," nyapara akadakia, "uchukue na haya magunia ukashone wewe!"

Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa anaitazama ile mikono, shazia inaingia, inatoka. Akakaa juu ya gunia. Akasema, "Jumamosi ni zamu yetu."

Shazia ikasimama. "Na ngwe yangu?"

"Katikati. Pale pale."

Jumamosi alikuja, shazia ameichomeka kwenye kofia.

"Sogea, mgonjwa wee, unanikanyagia ngwe!" jirani akamtania.

"Mgonjwa ni wewe, una homa ya uvivu!"

Wenzake walipogeukia ulanzi, yeye alikunywa chai, kisha akarudi Makambako kwenye malori yake. Ndivyo anavyofanya hadi leo, kila zamu yetu inapofika.

Lakini koti lilirudi na mama. Limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na ukungu ukiingia, mabega yake hujaa. Nimemwambia mama tulichome. Moshi wake ungeonekana Makete.

"Na siku akirudi amechoka?" huniuliza.

Kaka akiingia, hulipita kwa upande, polepole, kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni.