Kipimo Kisichohesabu

Kwetu, juu milimani, tulikuwa na kiburi kimoja: malaria ni ugonjwa wa mjini. Baridi ni kali, mbu wachache, na mtu akitetemeka huambiwa ajifunike vizuri. Kwa hiyo mimba yangu ilipofika mwezi wa saba na homa ikaanza kunipanda kila jioni, mama alisema ni mimba tu inanichosha. Alisahau kwamba tangu biashara iachiwe huru nilikuwa nateremsha karoti na njegere mjini, mtaa wa Mwembesongo, na nikikosa gari la kurudi nalala hukohuko, chumba hakina hata chandarua.

Mimi sikusahau. Wala sikumsahau mtoto wangu wa kwanza, aliyezaliwa amekufa baada ya homa kama hiyohiyo. Safari hii sikuwa tayari kujifunika.

Nikashuka na mama hadi zahanati moja ya binafsi, katika zile zilizochipuka kila kona ya mji miaka hiyo. Wakanitoboa kidole, damu ikapelekwa kwenye darubini, majibu yakaja: hakuna wadudu. Mama akasimama na kukaza kanga yake, kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi nikabaki kwenye benchi. Ni mbishi, nakubali, na siku ile ubishi ulinifaa. Nilimsimulia muuguzi habari za mtoto wa kwanza, nikamwambia siondoki mpaka nijue homa inatoka wapi.

Alinitazama, kisha akafungua droo na kutoa kipimo kipya, kidude cha plastiki cha urefu wa kidole. Alieleza kwamba kwa mjamzito wadudu hupenda kujificha kwenye kondo la nyuma, hivyo damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi kwenye darubini, lakini kipimo hiki huweza kunasa dalili zao. Akadondosha damu, akaongeza dawa yake, tukasubiri. Mstari wa kwanza ulijitokeza upesi. Wa pili ukaja taratibu, mwembamba, mwekundu. Sijawahi kufurahi namna ile kuambiwa naumwa.

"Malaria ngapi?" mama aliuliza, maana kwetu mwenye malaria moja anarudi shambani, mwenye nne ndiye anahurumiwa.

"Hiki hakihesabu, mama," muuguzi akajibu. "Kinasema ipo au haipo. Na ipo."

Mama akakaa. Yeye ndiye aliyeniletea maji ya kumezea dawa, na kila siku mpaka dozi ikaisha alisimama mbele yangu akihakikisha nimemeza. Homa ikakata. Nikarudi kula kama mtu aliyetoka kulima.

Nikajifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye hasira zake. Kwetu ukoo hupitia kwa mama, na nyumba yetu ilikuwa bado haina mjukuu wa kike. Mama alimpokea, akamkagua kidole kwa kidole, akatoka naye mlangoni walikokuwa wanawake wa jirani.

"Ukoo umepata mtu," akawaambia.

Nikamwita arudi ndani anipe mwanangu, nimnyonyeshe.