Mabakuli ya Mama Therese

Mwalimu Evangelina aliajiriwa kufundisha kemia katika sekondari moja ya Nyakatuntu, ambako maabara ilikuwa na meza nzuri na chupa tupu. Hakulalamika. Somo la msawazo wa mimenyuko ya kikemia alilifundisha kwa kompyuta. Projekta ilimulika ukutani, na wanafunzi wa kidato cha tano wakapokezana kuongeza joto na kumwaga chembe nyekundu, wakitazama zinavyogeuka bluu, na za bluu zinavyorudi kuwa nyekundu.

"Idadi haibadiliki tena, mwalimu. Mmenyuko umesimama," akasema Ainomugisha, binti wa dawati la mbele.

"Umesimama wapi? Tazama vizuri."

Chembe hazikuwa zimetulia hata kidogo. Zilizokwenda na zilizorudi zilikuwa na kasi sawa, ndiyo maana idadi haikubadilika. Darasa likaendelea kumkodolea macho. Evangelina akatafuta mfano wa nyumbani, na mdomo ukamtangulia.

"Jirani anakuletea ndizi kwenye bakuli. Huwezi kulirudisha tupu, sivyo? Unatia maharage, unampelekea. Kesho analeta tena. Mpita njia ataona nyumba mbili zimetulia, kumbe mabakuli yanatembea."

"Na mmoja akiacha kurudisha?" akauliza Ainomugisha.

Mtoto wa watu aliuliza somo tu. Evangelina aligeukia kompyuta. Alibonyeza mahali pa kuzuia chembe zisirudi, na wote wakaona nyekundu zikipungua mpaka zikaisha.

Juu ya kabati lake yalikuwepo mabakuli matatu ya Mama Therese, mjane wa nyumba ya pili. La kwanza lilikuja wiki ambayo Evangelina alimzika mama yake mzazi. Hakuwa na nguvu ya kupika, akajiambia atalirudisha akipata kitu cha maana cha kutia. Likaja la pili, likaja la tatu. Kurudisha tupu ni fedheha, na kurudisha na kitu cha hovyo baada ya muda wote huo aliona ni fedheha zaidi. Akaanza kupita nyuma, kwenye migomba, asionekane. Mama Therese naye akaacha kuleta. Msomi mzima, kashindwa na vyombo! Tangu hapo alikula peke yake, redio ikiwa wazi ili nyumba iwe na sauti ya mtu, na upweke ukamuuma vibaya.

Jioni ile hakungoja kitu cha maana. Alichemsha maharage, akajaza bakuli moja, mengine akayapachika chini yake, akaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, mama. Nimechelewa mno. Sikuwa na cha kutia."

"Marahaba." Mama Therese aliyapokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, hata matupu ningeyapokea. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza naye. Nikasema labda mwalimu amenichoka."

"Sikukuchoka, mama. Nilikuwa nakuhitaji."

"Ungeniambia."

Akampisha aingie. Godoro lilikuwa limeviringishwa, viti vimefungwa kamba. Kesho asubuhi, Mama Therese alieleza, mwanawe Fidele angekuja kumchukua akaishi naye huko Ihanda, kwa kuwa kukaa peke yake kulikuwa kumemshinda.

Walikula maharage yale wakiwa wamesimama.