Pombe ya Kumrudisha Mke

Kazi yangu ni kuingia katika nyumba zenye kipigo. Tulifundishwa kusikiliza, kutohukumu, kutomwamulia mtu maisha yake. Kukataa kinywaji hakuna aliyenifundisha.

Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, nikarudi nchi ya wazazi wangu nikiwa mtu mzima. Kinyarwanda changu bado kinachekesha majirani. Mila nazijua zile tu ambazo mama alikumbuka kutusimulia, na mama alikuwa msahaulifu.

Mwanamke ninayemkumbuka hapa alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kuuza nyanya Bukavu. Mumewe alimpiga miaka mingi, na mara ya mwisho alimng'oa meno mawili mbele ya watoto. Ilinichukua miezi mitatu ya kwenda na kurudi kabla hajabeba watoto wake na kuhamia kwa baba yake, mlimani upande wa Nyakarenzo. Siku alipofika huko aliniambia, "Maman, mie sitarudia kule. Nikirudia, ule muntu ataniuwa." Nikamwambia sitamwacha. Tukapanga Jumatatu twende pamoja kumshitaki.

Jumamosi mchana nilipanda kumjulia hali. Pikipiki ilinishusha chini kwa sababu ya tope, nikamalizia kwa miguu, koo limekauka. Uani nikakuta watu wamejaa. Wajomba wa mume walikuwa wamekuja na madumu mawili ya pombe ya ndizi. Mume mwenyewe alikaa katikati yao na shati lililopigwa pasi, macho chini, mpole kama mkwe siku ya posa. Hasira ilinipanda. Nikajituliza: hapa ni kwa mzee wa watu, kaa, sikiliza kwanza.

Baba wa yule mwanamke alinipenda. Alinijazia kopo kwa mkono wake mwenyewe, kabla sijatoa hata faili. "Maman, mulima umekuchokesha. Kunywa kwanza, tutaongea."

Kwetu kukataa kopo la mzee katika uwanja wake ni kumtukana. Nikanywa, tena si kidogo. Nikasema, "Aksanti, Mzee, ni muzuri." Watu wote wakapiga makofi. Nilidhani wanampigia mgeni, nami mjinga nikatabasamu.

Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mtoto mgongoni. Alinitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo zake limefungwa kwa kitenge.

"Anaenda wapi?" nikauliza.

Mzee alishangaa kwamba sijui. "Hii ni pombe ya kumurudisha. Mwenye kuikunywa amekubali. Na Leta nayo imekunywa."

Leta ni serikali. Mimi ni mfanyakazi wa shirika dogo, lakini mlimani yeyote mwenye kizibao chenye nembo na faili kwapani ni Leta. Nilisimama nikapiga kelele kwamba sikujua, kwamba kopo langu halihesabiki, kwamba huyu mtu atamuua. Kinyarwanda kikanikimbia, nikamalizia Kifaransa. Wajomba walicheka kwa adabu. Shangazi mmoja akanivuta mkono nikae: "Tuliza roho, Maman. Manyumba yote yanajengwaka hivi." Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ningetamani ardhi inimeze.

Nilimfuata hadi njiani. Nilimshika furushi lile, nikamwomba asiende, nikamwambia nitamtafutia pa kulala, ingawa sikuwa napo. Hakunikasirikia. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

"Baba amekunywa," alisema. "Weye umekunywa. Sasa mie nitasema ku nani?"

Wakashuka naye. Jumatatu nilikwenda polisi kushitaki peke yangu, nikaulizwa mlalamikaji yuko wapi. Nikasema amerudi kwa mumewe. Aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilimkuta hospitalini, mkono umevunjika mahali pawili, jicho moja halifunguki. Mume alikuwa ametoroka, wanasema kupitia mpaka wa Ruhwa. Nilikuja na fomu mpya, na maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Nikayaanza. Nikasema kosa ni langu, nisamehe.

Aliniacha nimalize. Kisha akamgeukia muuguzi aliyekuwa akifunga bandeji, akauliza polepole, kwa sababu midomo ilikuwa imevimba:

"Muganga, hamuna mwingine?"

Muuguzi alinitazama. Akamwambia mwingine hayuko. Kwa vilima vile vyote niko mimi tu. Yule mwanamke aliposikia hivyo alijigeuza ukutani. Nikavuta kiti, nikakaa upande wa mgongo wake, nikaanza kujaza fomu.