Noti ya Koplo Wafula

Enzi zetu pale Gatitu, mtoto wa bendi alianza siku kwa kupasha kipande cha chuma kwapani. Nasema kile kipande kidogo cha tarumbeta kinachokaa mdomoni. Ukisahau kukipasha asubuhi ya mwezi wa saba, chuma kilikushika midomo mpaka machozi yakutoke. Kwa hivyo tulikuwa tunapanda kwenda kanisani watoto kumi na mmoja, kila mmoja amebana mkono mmoja ubavuni kama kuku mgonjwa, na watu wa barabarani walijua hao ni watoto wa Koplo.

Koplo Wafula alikuwa askari polisi aliyehamishiwa Nyeri kutoka magharibi. Alikuja na sanduku la bati, mke mpole, na pembe kubwa la shaba lililofungwa kwa blanketi, ambalo alikuwa amelipiga tangu ujana wake huko Bungoma. Hakuna aliyemwomba aanzishe bendi. Aliona tu kwamba stoo ya kanisa letu ilikuwa na tarumbeta kuukuu zilizoachwa na watu wa zamani, nyingine kuku walikuwa wanatagia ndani, akamwambia mchungaji ampe watoto. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumechuchumaa nyuma ya kanisa tukizisugua kwa jivu na limau. Mimi nilipewa ndogo kuliko zote. Ilipoanza kung'aa nikajiona usoni mwake, nikaamini mimi ni mtu wa maana, na sijaacha kuamini hivyo.

Hatukuwa na karatasi hata moja ya muziki. Koplo mwenyewe hakujua kusoma noti. Alipiga mstari mmoja kwa lile pembe lake, akalishusha gotini, akasema, "Mumesikia? Haya, mnirudishie." Tukamrudishia. Kama tumekosea alifunga macho kama mtu aliyetiwa sindano, akapiga tena. Hakuwahi kutuchapa, na katika enzi hizo hilo lilikuwa jambo la kushangaza, maana hata mwalimu wa kwaya alikuwa na kiboko chake. Tukimaliza, mkewe, mama Koplo, alituletea uji kwenye sufuria na kikombe kimoja kinachozunguka.

Ndivyo tulivyojifunza ule wimbo wa kusindikiza jeneza, ambao watu wa kwetu walikuja kuuita wimbo wa Koplo. Tuliupiga Gatitu, tukaupiga Endarasha kwenye baridi ambayo hata mate ndani ya tarumbeta yalikuwa yanataka kuganda, tukaupiga mjini alipozikwa mwalimu mkuu wetu. Tukifika mstari wa tatu, sauti ilishuka ghafla chini, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo hakuijua. Hapo ndipo akina mama walipoanza kulia. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa hilo.

Kisha tukaalikwa Kianyaga, kwenye mkutano wa bendi za makanisa. Tulisafiri nyuma ya lori la kahawa, tumevaa soksi nyeupe mpaka magotini, na tulikuwa tumebeba githeri, mahindi na maharagwe, kwenye ndoo. Tulipiga vizuri ajabu. Halafu mgeni mmoja kutoka Nairobi, mtu wa miwani aliyekuja kutupima, akasimama akasema, "Hawa watoto wako na nidhamu sana. Hata kukosea wanakosea pamoja." Akatuonyesha kitabu. Pale mstari wa tatu, noti haishuki. Inapanda.

Koplo aliniomba tarumbeta yangu. Alijaribu ule mstari polepole, akibonyeza vitufe kwa vidole vyake vinene, na tarumbeta ikapanda bila shida. Kisha akashika pembe lake akajaribu tena. Kitufe cha katikati kilikuwa kimekufa, hakikubali kushuka, na katika wimbo mzima kilihitajika mahali pale pamoja tu. Tangu ujana wake alikuwa anachukua noti ya jirani, ya chini, akazoea mpaka akasahau kwamba alikuwa anakwepa kitu. Kisha akatufundisha sisi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akibonyeza kile kitufe kilichokufa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka kumpiga mawe yule mtu wa miwani.

Jumamosi alitufundisha upya, tukaweza. Jumapili tukaupiga ulivyo kitabuni. Cucu Wangari, nyanya wa kanisa zima na mzee wa kina mama wote, hakungoja hata ibada iishe. "Koplo," alisema mbele ya kanisa, "ati umefanya nini hiyo wimbo? Mimi niko na bwana na watoto wawili kwa udongo, na wote tuliwazika na ile ingine. Rudisha." Koplo akasimama wima kama aliyepewa amri kituoni. "Ndio, mama," akasema. Akarudisha. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile huku akijaribu kukaza uso.

Miaka ikaenda. Koplo alistaafu, akakataa kurudi magharibi, akanunua kipande kidogo cha shamba hapo Gatitu. Bendi ikapita mikononi mwa watoto wetu, sasa wajukuu. Wa leo wana mifuko yenye zipu na dawa maalumu ya kung'arisha. Wakipiga robo saa wanataka kupumzisha midomo na kunywa maji ya chupa. Kiongozi wao, Ian, kijana wa miaka ishirini na mbili, anasoma noti kwa simu kama sisi tulivyosoma majina ya maduka. Nampenda, lakini namtania sana. Nilimwambia siku moja betri ikiisha na muziki umeisha.

Mwezi uliopita Koplo alifariki. Nilimfuata Ian jioni hiyo hiyo, nikamwambia mstari wa tatu ushuke, si kama ulivyo kwenye simu yake.

"Auntie Muthoni, lakini hiyo note ni wrong," alisema, kwa heshima kabisa. "Hawa wengine wanasoma vile imeandikwa. Siwezi ambia watu kumi na nne wakosee."

Nilirudi nyumbani na hasira, nikalala vibaya. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, mzee yule azikwe na wimbo wa yule mtu wa miwani.

Siku ya mazishi walipiga ubeti wa kwanza, watu wakiimba. Safi, lazima niseme, safi kuliko sisi. Ulipofika mstari wa tatu bendi ikapanda, na watu wote waliozunguka kaburi, kutoka Gatitu, Endarasha, hata wageni wa Kianyaga, wakashuka. Ilikuwa kelele mbaya. Mtoto mmoja akacheka. Nilimwona Ian akigeuka kuwatazama watu, akiwa amekunja uso, kama mtu anayehesabu. Ubeti wa pili ulipokaribia mahali pale, aliinua mkono, na tarumbeta zote zikanyamaza. Noti ya Koplo ikaimbwa na watu peke yao, chini kabisa, bila chombo hata kimoja. Mama Koplo, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, alilia hapo.

Baadaye, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, Ian alinifuata. Hakuwa na simu mkononi. Alikuwa na penseli, na karatasi aliyoichorea mistari yeye mwenyewe.

"Auntie, niimbie hiyo mahali. Polepole. Nataka kuiandika, ndio hawa wadogo wakuje kuipata."

Enzi zetu hatukuandika kitu. Tulidhani kila mtu ataendelea kuwepo ili tumrudishie. Watoto wa leo hawatajua chuma baridi wala uji wa kikombe kimoja, na nilikuwa nimewahukumu kwa hilo muda mrefu, lakini kati yetu wote kumi na mmoja hakuna aliyewahi kufikiria penseli.

Nikamwimbia. Ian aliandika, akaifuta, akaandika tena, kisha akauliza hii sehemu ilitungwa na nani.

"Wafula," nikamwambia. "Andika Koplo Wafula."