Mwalimu anayevua masikio kabla ya udhu

Ndoo ya maji iko tayari uani, lakini Bi Semeni hajaigusa. Anaketi kwanza kwenye kigoda, anapitisha mkono chini ya ushungi na kuvua kifaa kilicholala nyuma ya sikio la kulia, kisha cha kushoto. Anavifuta kwa kitambaa kikavu, anavilaza ndani ya kibati cha peremende, anafunika. Sasa ndipo anapokunja mikono ya gauni na kuanza kutawadha.

"Hasara ndiyo iliyonifundisha," anasema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Bi Semeni, mwenye umri wa miaka sitini na moja, anafundisha watoto kusoma Kurani kwenye baraza ya nyumba yake, Gongoni, mjini Tabora. Kazi hiyo ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi wa wazazi wanaomletea watoto walipita mikononi mwake.

Zamani sifa yake ilikuwa moja. Watoto walisoma wote kwa pamoja, kila mmoja sura yake, kelele tupu kwa mpita njia. Yeye alikuwa akichambua mchele, na bila kuinua kichwa alitaja jina la aliyekosea. Watoto waliamini ana jini.

"Jini wapi! Yalikuwa masikio tu," anacheka. "Nayo yakanikimbia."

Zilianza kupotea sauti nyembamba za watoto. Za watu wazima alizisikia, hivyo akajiaminisha kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Akawa anawagombeza wapaze sauti. Hakumwambia mtu.

Siri ilitoka hadharani siku binti mmoja alipohitimu msahafu mbele ya wazazi na masheikh wageni. Binti alikosea mara mbili. Bi Semeni, aliyekaa karibu naye, alinyamaza na kuendelea kutikisa kichwa kwa kuridhika. Sheikh mgeni ndiye aliyemsahihisha binti.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Kati ya wanafunzi karibu arobaini, walibaki kumi na kitu. Thuwaini, mfanyabiashara wa mchele aliyesoma kwenye baraza hiyo hiyo, hakumhamisha binti yake Ghadir, ila alikuja kusema lililo moyoni.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi naona upumzike sasa. Tutatafuta kijana ashike darasa."

"Marahaba, baba. Nikipumzika nitafanya nini, nihesabu bati? Ngoja Ghadir ahitimu. Nikishindwa siku hiyo, darasa chukueni."

Thuwaini alikubali, shingo upande.

Murtadha, mwana wa Bi Semeni anayeishi Dar es Salaam, alimletea shimesikio ya kwanza, kifaa cha kusaidia kusikia, ndogo kama harage, ya kuzama ndani ya tundu la sikio. Hivyo ndivyo mama alivyoagiza: isionekane na mtu. Hakuna aliyempima. Ikapaza kila kitu, pikipiki, sufuria, kuku. Na kwa kuwa haikuonekana, hata mwenyewe aliisahau. Wiki haijaisha, akatawadha nayo, akapaka maji masikio ndani na nje kama alivyozoea tangu utotoni.

"Namaliza kusali, kimya! Nikasema, leo Gongoni imetulia."

Adelina, mtaalamu wa usikivu aliyempima baadaye katika hospitali ya Kitete, anasema watu wengi huchagua kifaa kwa macho.

"Bibi sauti nzito anazisikia, kilichopungua ni nyembamba," anaeleza. "Kifaa kinarekebishwa kijaze pale palipopungua tu. Na mtu anayepaka masikio maji kila akitawadha, nilimshauri achukue cha nyuma ya sikio. Akikigusa anakumbuka kukivua."

Nacho kina vituko vyake. Ushungi ukibana, kinapiga mluzi. Mara ya kwanza watoto walitafuta ndege darini. Bi Semeni amehamia kwenye vitambaa vyepesi na kufunga kwa kulegeza. Watoto wakiuliza, anavua kimoja na kuwaonyesha.

Kusoma kwa pamoja kumekwisha. Sauti zikichanganyika, hakuna kifaa cha kumchambulia, kwa hiyo kila mtoto anakuja mbele yake peke yake. Hilo linamuuma, na hafichi.

"Ile raha ya kusikia wote na kumjua mmoja haitarudi," anasema. "Nilikuwa najivuna nayo."

Baada ya sala, kibati kinafunguliwa, vifaa vinarudi masikioni. Ghadir anapiga magoti na kuanza kusoma. Anateleza mahali pamoja, na kabla hajavuta pumzi kidole cha mwalimu kimeshapiga mkeka. Binti anarudia.

Atahitimu mwezi ujao, masheikh wakiwepo, na baba yake akiwa safu ya mbele. Bi Semeni amekwishapanga atakapokaa.

"Akikosea nitamkatiza mbele ya watu wote, aibu iwe yetu sote wawili," anasema. "Akipatia, nitanyamaza. Na safari hii wakiniona nimenyamaza, wajue nimesikia."